Somo: Mtoto mwenye sindromu ya Down na kuongea, usianzie mdomoni

Wazazi wenzangu wa Kigoma, habari za jioni. Somo hili ni la wenye watoto wa chini ya miaka 5 waliozaliwa na tofauti kwenye vinasaba. Nitakaa zaidi kwenye sindromu ya Down kwa sababu ndiyo ninayokutana nayo sana. Mimi ni mwalimu wa kitengo cha elimu maalumu, si daktari.

Mtoto mwenye Down ana nakala tatu za kromosomu ya 21 (kromosomu ni kifurushi kinachobeba vinasaba) badala ya mbili. Hakurogwa, na mama yake hakula kitu kibaya akiwa mjamzito. Upande wa lugha, wengi wao wanaelewa mengi kuliko wanayoweza kutamka. Neno la kwanza linaweza kuja akiwa na miaka 2, 3 au zaidi. Muda wote huo ana ya kusema, ila misuli ya mdomo ni legevu na maneno aliyoyasikia hayakai sana kichwani. Kwa hiyo tumpe njia nyingine ya kusema sasa hivi. Wala usingoje majibu ya kipimo cha kromosomu ndipo uanze.

Hatua ya 1: Masikio. Zaidi ya nusu ya watoto hawa wana shida ya kusikia, mara nyingi kwa sababu ya majimaji yanayotuama nyuma ya ngoma ya sikio. Majimaji hayo huja na kuondoka, ndiyo maana leo anageuka ukimwita, wiki ijayo hageuki, nanyi mnasema ni mkaidi. Uliza Hospitali ya Maweni kuhusu kupima masikio, na katika miaka ya mwanzo arudie kila baada ya miezi 6 hivi. Ukipewa rufaa ya Hospitali ya Bugando, Mwanza, usiiweke kabatini. Ulizia pia kipimo cha tezi ya shingoni (thairoidi), maana isipofanya kazi vizuri hupunguza kasi ya akili na mwili.

Hatua ya 2: Zamu. Hapa Buha, nchi ya Waha, tuna bahati ambayo hatuitumii: salamu ya makofi. Keti chini, uso kwa uso na mtoto, mpigie makofi ya salamu polepole, kisha nyamaza. Nyamaza kwelikweli, hesabu kimoyomoyo hadi 10. Watu wazima ndipo tunaposhindwa. Kimya kidogo tu, tumeshamjibia: "Sema sijambo, haya sema, hajambo huyu!" Mtoto huyu anahitaji muda kupokea alichosikia na kupanga jibu. Akigusisha viganja, hata kombo, amejibu. Mrudishie. Hayo tayari ni mazungumzo, na bila zamu hiyo maneno hayana pa kukaa.

Hatua ya 3: Ishara pamoja na sauti. Chagua chache: kula, maji, tena, basi. Anza na anachokipenda yeye. Ukianza na "choo" na "acha" kwa sababu zinakurahisishia kazi wewe, atakuchoka. Mtekenye, simama, fanya ishara ya "tena" huku ukilitamka neno, ngoja, kisha endelea. Nyumba nzima itumie ishara ileile, kuanzia bibi hadi dada wa kazi. Ukimpata anayejua Lugha ya Alama ya Tanzania, chukua kwake. Usipompata, tungeni zenu.

Hatua ya 4: Ongeza neno moja juu ya lake. Akisema "ji" akionyesha ndoo, usimwambie "sema vizuri". Mjibu: "Maji! Maji baridi." Atasema "taka" na "enda" bila vipande vya mwanzo wa kitenzi kwa muda mrefu. Mrudishie neno zima, "Ndiyo, unataka," kisha mwendelee. Tena huna haja ya kutenga saa ya darasa. Mama anayeanika dagaa Kibirizi ana somo zima mikononi: dagaa wabichi, geuza, bado, wamekauka, kunguru huyo, mfukuze! Katuni za simu hazimngoji ajibu, ndiyo maana mimi sizihesabu kama mazungumzo.

Hatua ya 5: Picha na maandishi. Wengi hukumbuka walichokiona kuliko walichokisikia. Bandika ukutani picha ya uji na neno "uji" kwa maandishi makubwa. Wapo wanaoanza kutambua maneno yaliyoandikwa wakiwa bado wadogo, na kusoma huko huwasaidia kutamka.

Sindromu nyingine hazifuati njia hii. Mtoto mwenye Williams, aliyekosa kipande cha kromosomu ya 7, huchelewa kuanza, kisha anakuwa msemaji hadi watu wasiamini kwamba kuchora na hesabu vinamshinda. Mwenye Angelman anaweza asipate maneno kabisa au apate machache sana. Huyo mpe picha na ishara kwa wingi tangu mapema, ndizo atakazosemea.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama kutoka Kasulu: Mwalimu, nyumbani tunaongea Kiha. Nimeambiwa tukiache, tumwachie Kiswahili tu ili asichanganyikiwe.

Jibu: Msikiache, dada yangu. Utafiti uliofanywa Kanada na kuchapishwa 2005 ulikuta watoto wenye Down wanaolelewa kwa lugha mbili hawakuwa nyuma ya wenzao wa lugha moja. Halafu, kama bibi yake anajua Kiha tu, mtamnyang'anya mtu mwenye muda mwingi wa kuongea naye.

Baba kutoka Uvinza: Ishara hazitamfanya awe mvivu wa kuongea?

Jibu: Hapana, kaka, mradi kila ishara iende na sauti. Neno likishatoka vizuri, wengi huacha ishara yake wenyewe.

Bibi wa mtoto, Ujiji: Mwalimu, shikamoo ni ya wakubwa, mimi nakuamkia tu. Ulimi wa mjukuu wangu unatokeza nje. Kuna mzee anasema umefungwa, akatwe chini.

Jibu: Shikamoo bibi. Asikatwe, na wembe usikaribie kabisa. Ulimi unatokeza kwa sababu misuli ni legevu na kinywa ni kidogo. Tena ulimi uliofungwa si chanzo cha mtoto kutokuwa na maneno. Hospitali wamtazame, na masikio yapimwe siku hiyohiyo.

Mama kutoka Kibondo: Binti yangu ana mwaka na nusu. Alikuwa anasema "mama" na kushika kikombe. Sasa ameacha vyote, anasugua tu mikono.

Jibu: Mama, hili lako usilipitishe kwenye hatua zangu kwanza. Mtoto anayepoteza maneno aliyokuwa nayo anahitaji daktari wa watoto mapema, kesho ikiwezekana. Mwambie habari ya mikono pia, maana ipo sindromu iitwayo Rett, ya wasichana hasa, inayoanza hivyo. Mrekodi kwenye simu akisugua mikono, na kama unayo video ya zamani akisema "mama", nenda nayo. Nyumbani mwonyeshe vitu viwili, kikombe na ndizi, utazame macho yake yanatua wapi, umpe hicho.