Jinsi ya kujua kama Tres Hombres uliyonayo ni yenyewe au ni ile iliyochakachuliwa

Kama unawapenda ZZ Top, ile bendi ya roki ya Texas, au ndo umeanza kuwasikiliza juzi baada ya kukutana na wimbo wao wa La Grange sehemu, kuna kitu inabidi ukijue kabla hujatoa hela yako: albamu yao ya Tres Hombres iko sokoni kwa sauti mbili tofauti kabisa, jina lile lile, kava lile lile, nyimbo zile zile, na moja kati ya hizo sio albamu waliyoitoa mwaka 1973. Kuna watu wamezeeka na hiyo nyingine wakijua ndo yenyewe. Inaniuma kwa kweli, kwa sababu hii ni moja ya rekodi bora kabisa za roki ya watu watatu.

Kwanza historia kidogo, maana bila hiyo hutoelewa unatafuta nini. ZZ Top ni Billy Gibbons kwenye gitaa na sauti, Dusty Hill kwenye besi na sauti (huyu alifariki Julai 2021), na Frank Beard kwenye dramu. Wote Texas. Tres Hombres ni albamu yao ya tatu, ilitoka Julai 1973, prodyuza Bill Ham, na ndo ya kwanza kwao kuingia kumi bora Marekani, ilifika namba 8. Alafu miaka ikaenda, 1983 wakatoa Eliminator yenye sinthesaiza na midundo ya kimashine, ikauza mamilioni, wakawa mastaa wakubwa wa video. Sasa ilipofika 1987 kampuni inataka kuzitoa albamu za zamani kwenye CD, badala ya kuziacha zilivyo wakarudi kwenye mikanda ya studio wakazichanganya upya ili zifanane na zama zile za Eliminator. Dramu za Beard zikapewa mwangwi mkubwa, zikapigwa upya kwa sampuli za kidijitali, yani mtu alirekodi 1973 unamsikia kama yuko 1985. Zikatoka kwenye seti ya Six Pack, CD tatu zenye albamu sita, na pia CD moja moja. Kwa karibu miaka ishirini ukiingia dukani ukisema nataka Tres Hombres ya CD, hiyo ndo unapewa.

Hapa lazima utofautishe mambo mawili ambayo watu wanayachanganya kila siku. Rimasta ni kuchukua miksi iliyokwisha, ile ya mwisho yenye chaneli mbili kushoto na kulia, na kuirekebisha ikiwa nzima: kupandisha besi kidogo, kupunguza ukali, kuondoa kelele za mkanda, kuweka kiwango cha sauti. Rimiksi ni kurudi nyuma zaidi, kwenye mikanda ambayo kila chombo kina mstari wake, na kuamua upya nani awe juu, nani awe chini, nani apewe mwangwi. Rimasta ni kufuta vumbi kwenye kioo cha picha ya ukutani, rimiksi ni kuingia ndani ya picha na kuwahamisha watu waliosimama. Kilichofanyika 1987 ni cha pili, ila pale dukani hakuna aliyekwambia.

Mwaka 2006 ndo mambo yakanyooka, Tres Hombres na albamu yao nyingine, Fandango!, zikatolewa tena zikiwa zimerimastiwa kutoka kwenye miksi ya asili, na hiyo ndo unayoitaka.

Unaijuaje? Njia rahisi kuliko zote ni kuhesabu nyimbo. Albamu ya 1973 ina nyimbo kumi. Toleo la 2006 lina kumi na tatu kwa sababu waliongeza tatu za laivu mwishoni: Waitin' for the Bus, Jesus Just Left Chicago na La Grange. Kwa hiyo ukishika CD yenye kumi na tatu, uko salama. Ukishika CD yenye kumi, geuza nyuma usome mwaka, ukikuta 1987 irudishe. Muuzaji wa mtandaoni mwombe picha ya nyuma ya kava kabla hujalipa, asipotaka kutuma achana nae, CD zipo nyingi. Kwenye santuri ni rahisi zaidi: santuri yoyote iliyochapwa kabla ya 1987 lazima iwe na miksi ya asili, kwa sababu hiyo nyingine ilikua haijazaliwa. Na kama una nafasi ya kupata santuri ya zamani yenye kava la kufunguka kati, chukua, kule ndani kuna picha kubwa ya meza ya chakula cha Kimexico imejaa mpaka pembeni, kwenye simu huwezi kuiona vizuri hata ukivuta.

Kwa wanaosikiliza kwa kustrimu, fungua albamu uangalie kama pameandikwa imerimastiwa 2006, na uhesabu nyimbo vile vile. Shida ni kwenye mikusanyo ya nyimbo bora, huko wimbo mmoja unaweza kutoka popote. Kwa hiyo masikio yako lazima yajue kutambua yenyewe.

Na hapa ndo pa kukaa sana. Chukua Waitin' for the Bus, wimbo wa kwanza. Sikiliza snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali inayopigwa katikati ya mdundo. Kwenye miksi ya asili inalia kavu, fupi, karibu na wewe, unasikia kijiti kinagusa ngozi alafu kimya. Kwenye ya 1987 inalipuka na kuacha mkia wa mwangwi, kama imepigwa kwenye ukumbi mtupu, na huo mkia unaingia juu ya gitaa. Subiri wimbo uishe, utaona unaingia moja kwa moja kwenye Jesus Just Left Chicago bila kupumua, hiyo ni bluzi ya taratibu na ndo kipimo kizuri kuliko vyote, maana mdundo uko mbali mbali na kati ya pigo na pigo kuna nafasi. Ile nafasi ikiwa wazi, unasikia besi ya Dusty inatembea chini peke yake, hiyo ni ya asili. Ikiwa imejaa ukungu wa mwangwi, sio. Alafu nenda La Grange, pale mwanzo Gibbons yuko na gitaa la chini chini na Beard anagonga ukingo wa ngoma, alafu dramu zinaingia kwa nguvu zote. Mtu akishaisikia ile sehemu kwenye matoleo yote mawili ndani ya dakika tano hatohitaji maelezo yangu tena.

Ni bendi ya watu watatu, hamna kinanda cha kuziba mianya, hamna gitaa la tatu, kila pengo kwenye muziki limeachwa makusudi na wachezaji wanalitumia. Ukimwaga mwangwi pale umeondoa kitu walichokipiga.

Unapolinganisha zingatia jambo moja ambalo watu hawalifanyi: sawazisha sauti. Sikio la binadamu likisikia vitu viwili vinavyofanana, kimoja kikiwa juu kidogo tu, litasema hicho ndo bora, hata kama sio. Kwa hiyo cheza kipande kimoja kwenye toleo A, kisha kwenye toleo B, urekebishe volyumu mpaka sauti ya mwimbaji iwe sawa kote (tumia mwimbaji, usitumie dramu, maana dramu ndo zilizobadilishwa). Kama unastrimu, washa ile setingi ya kusawazisha sauti kati ya nyimbo. Zima ekwalaiza, zima vikorombwezo vyote vya simu vya kuongeza besi. Hedifoni za waya za bei ya kawaida zinatosha kabisa kwa kazi hii, sio lazima uwe na mashine za kutisha.

Kama una faili kwenye kompyuta, fungua na Audacity, ni programu ya bure, utaona mchoro wa sauti. Ukiona vilele vinapanda na kushuka na kuna nafasi juu, wimbo unapumua. Ukiona pande moja limejaa juu mpaka chini mwanzo hadi mwisho, mtu amebana sauti ili isikike kubwa, na hiyo inachosha masikio baada ya nyimbo tatu nne.

Ila usiondoke ukidhani kila rimiksi ni mbaya. Rush, watatu wengine hawa wa Kanada, walitoa Vapor Trails mwaka 2002, albamu ya kurudi baada ya mpiga dramu wao Neil Peart kufiwa na binti yake na kisha mke wake ndani ya mwaka mmoja. Nyimbo zina uzito wa ajabu lakini sauti ilibanwa vibaya mno, inakwaruza, na wenyewe hawakuridhika nayo. Hapo kurimasti tu kusingesaidia, uharibifu ulikua ndani ya miksi yenyewe, ndo maana 2013 ilitoka iliyochanganywa upya na David Bottrill, na kwa maoni yangu hiyo ndo ya kununua. Kwa hiyo swali la kuuliza ni miksi gani ilikua nzuri tangu mwanzo, na toleo ulilonalo limeiheshimu au limeiharibu.

Stika za biti 24 (hicho ni kipimo cha ubora wa sauti ya kidijitali) zisikubabaishe. CD ya kawaida ya biti 16 ina nafasi ya kutosha kabisa kwa rekodi ya mkanda ya 1973, miksi mbaya kwenye biti 24 inabaki miksi mbaya. Nyimbo za ziada nazo sio sababu ya kununua, hizo laivu tatu ni nzuri ila thamani yake hapa ni kukusaidia kutambua toleo.

Jambo la mwisho ni hizi nyingine za mwanzo, ZZ Top's First Album, Rio Grande Mud na Tejas. Toleo la 2006 halikuzigusa, kwa hiyo CD zake za zamani usiziamini. Kwa hizo tafuta boksi la mwaka 2013, The Complete Studio Albums 1970–1990, CD kumi, limerudisha miksi za asili. Ukilipata kwa bei nzuri usinunue moja moja, Tres Hombres na Fandango! zimo humo humo.