Mfuko wa Jumla, Mizani ya Rejareja: Namna ya Kuendesha Duka la Kupima

Mwenye duka la mtaani anayenunua sukari, mchele, maharage na unga kwa mfuko, kisha akaviuza kwa robo na nusu kilo, hufanya kazi ambayo mteja hawezi kujifanyia mwenyewe: huuvunja mzigo mkubwa kuwa vipimo vidogo vinavyolingana na fedha aliyonayo mtu siku hiyo. Malipo ya kazi hiyo ni tofauti ndogo ya bei, nayo hupotea kwa urahisi kati ya siku mfuko unapofunguliwa na siku unapokung'utwa. Nimekaa nyuma ya kaunta ya duka la namna hii Dar es Salaam kwa muda wa kutosha kuona maduka kadhaa ya jirani yakifungwa, na karibu kila mara wenyewe walisema kwamba wateja walikuwapo na mauzo yalikuwapo, ila mtaji ulipungua wasijue ulikokwenda. Ninaandika kuhusu huko ulikokwenda.

Anza na hesabu ya mfuko mmoja kabla hujatoka nyumbani kwenda kununua. Chukua mfano wa mfuko wa sukari wa kilo 50 unaouzwa shilingi 128,000. Bei ni za mfano tu, nawe utaweka za siku yako. Sehemu yako ya nauli ya guta au kirikuu pamoja na ujira wa wapakiaji ni shilingi 1,500, na vifungashio 200 vya shilingi 10 kila kimoja ni shilingi 2,000, kwa hiyo mfuko huo unakuwa umekugharimu shilingi 131,500 ukiwa tayari kuuzwa. Ukiuza robo kwa shilingi 700, robo 200 zitaleta shilingi 140,000, na faida yako itakuwa shilingi 8,500, wala si zile 12,000 ambazo wengi huzihesabu wakiwa bado wamesimama mbele ya muuzaji wa jumla. Kifungashio kisisahauliwe, hasa kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na karatasi au mfuko mbadala unaompa mteja ni mali uliyoinunua kwa fedha taslimu.

Sasa itazame mizani. Muuzaji anayepima harakaharaka, sahani ikiwa bado inayumba, huongeza kijiko kimoja ili mteja aridhike, na kijiko hicho kinaweza kuwa gramu 5. Robo zako zikitoka na gramu 255 badala ya 250, mfuko wa kilo 50 hautoi tena robo 200, unatoa 196. Robo nne zilizopotea ni shilingi 2,800, yaani theluthi moja ya faida yote. Ikiwa mkono ni mzito zaidi na kila robo inatoka na gramu 260, utapata robo 192 tu, na kati ya zile shilingi 8,500 zitabaki 2,900. Hapo hakuna aliyekuibia na hakuna mteja aliyekudhulumu. Ni mkono wako au wa kijana wako wa dukani. Dawa yake si kumpunja mteja, kwani anayepunjwa robo moja huhamia duka la pili na jirani zake humfuata. Dawa yake ni kupima sawasawa, na njia niliyoiona ikifaa kuliko zote ni kufunga robo na nusu asubuhi kabla ya wateja kuanza kuja, ukiwa umetulia, kisha kuzipanga kwenye kasha ili mchana mtu achukue na kulipa.

Mizani yenyewe iwekwe juu ya meza isiyotikisika, mbali na upepo wa feni, na kama ni ya kidijiti iwe na kiputo chake cha hewa katikati ya duara. Ifutwe chini ya sahani kila siku, maana unga hujikusanya huko, na ihakikishwe inasoma sifuri kabla ya kupima. Sheria inataka mizani ya biashara ihakikiwe na Wakala wa Vipimo kila mwaka na kubandikwa stika. Mbali na hilo, mimi huweka dukani pakiti moja ya chumvi ya kiwandani ya nusu kilo ambayo haiuzwi. Kila Jumatatu huiweka juu ya mizani, na siku usomaji wake ukibadilika, mizani hiyo haitumiki mpaka ikaguliwe na fundi.

Ununuzi nao una macho yake. Kwa sukari, mafuta, sabuni na unga wa ngano wengi wetu huenda Kariakoo au kwa mawakala wa jumla walio karibu, na kwa mchele na maharage huenda soko la Tandale. Popote uendapo, usiulize bei moja. Uliza bei ya mfuko mmoja, ya mitano na ya kumi, na uulize inaanza kushuka kwenye mfuko wa ngapi, kwa sababu mara nyingi wenye maduka watatu wa mtaa mmoja wakinunua pamoja hupata bei ambayo hakuna hata mmoja wao angeipata peke yake, na nauli ya kirikuu wanagawana. Dai risiti ya mashine. Ni kinga yako mbele ya mkaguzi, na ndiyo karatasi utakayoirudisha kwa muuzaji ikiwa mzigo una kasoro.

Kisha tazama mshono. Mfuko uliotoka kiwandani hushonwa kwa mashine, kwa uzi wa mnyororo ambao ukikatwa upande sahihi na kuvutwa, hufumuka wote kwa mkupuo mmoja. Mfuko uliofunguliwa njiani na kushonwa kwa mkono una matundu ya sindano ya aina mbili, ya zamani na mapya, na hatua za sindano hazilingani. Ukiona hivyo, uache, au omba upimwe mbele yako. Hata ulio salama, upime ukifika dukani, ukumbuke kuondoa uzito wa mfuko wenyewe. Mfuko wenye kilo 49 na nusu umekwisha kukupunguzia robo mbili kabla hujaufungua, na muuzaji wa jumla anayejua kwamba wewe hupima huacha kukupa mifuko ya namna hiyo.

Kwa nafaka na mikunde kuna hasara nyingine inayoingia kimyakimya, nayo ni maji. Maharage au mahindi yasiyokauka vizuri huendelea kukauka yakiwa dukani kwako, na uzito unaopotea ni wako, si wa aliyekuuzia. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 16 likikauka hadi asilimia 13 hubaki na kilo 96 na nusu hivi, bila mtu kugusa hata punje. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, lakini sokoni hakuna anayekupimia, hivyo jipimie. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia mahindi mpaka theluthi yake, ongeza kijiko cha chumvi kavu, funga na utikise kwa dakika kadhaa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, nafaka bado ina maji. Ikianguka chini yote, unaweza kuanza kuzungumza bei. Ingiza pia mkono mpaka katikati ya gunia, kwa sababu mali ya juu huwa ndiyo iliyochaguliwa, na mchele wenye chenga nyingi hujificha chini.

Ukinunua kwa debe, kumbuka kwamba debe hupima ujazo, wakati wewe utauza kwa uzito. Madebe mawili yanayoonekana sawa yanaweza kutofautiana kwa kilo nzima kulingana na aina ya punje na namna yalivyojazwa. Usikubali bei ya debe mpaka umepima moja kwa mizani na kuigeuza kuwa bei ya kilo.

Mzigo ukifika, usilale sakafuni wala usiegemee ukuta. Chaga za mbao zinatosha kuunyanyua na kuacha nafasi ambayo ufagio unapita, na palipopita ufagio panya hujenga kwa shida. Unga, majani ya chai na sukari vikae mbali na sabuni ya unga na mafuta ya taa, maana hunyonya harufu, na mteja aliyekunywa chai yenye harufu ya sabuni hasahau. Kilichoingia kwanza kitoke kwanza. Mahindi na makopa nisingeshauri uyaweke kwa muda mrefu hata kidogo: yupo dumuzi, mdudu aliyeingia nchini miaka ya 1970 akianzia Tabora, ambaye wakulima walimpa jina la Skania, na anaweza kuligeuza gunia kuwa vumbi ndani ya miezi michache.

Sasa niseme juu ya mali inayolala, kwa kuwa hapa wanaoanza hukosea kwa nia njema kabisa. Wanaona katoni za mafuta ya kujipaka zenye faida ya shilingi 30,000, wanaona mfuko wa sukari wenye faida ya 8,500, na fedha inayohitajika ni karibu ileile, wanachagua katoni. Lakini ikiwa katoni zinamalizika baada ya miezi mitatu na mfuko wa sukari unamalizika kila wiki, fedha ileile ikizungushwa kwenye sukari kwa wiki 12 italeta shilingi 102,000. Bidhaa ya faida kubwa isiyotoka iwepo kwa kiasi kidogo, kwa ajili ya kupendezesha rafu na kumzuia mteja asiende kwingine. Mtaji ukae kwenye vinavyotoka kila siku.

Kwa sababu hiyohiyo naogopa kununua kwa kubahatisha bei. Mwanzoni mwa mwaka 2024, mvua kubwa zilipozuia uvunaji wa miwa na sukari ikaadimika nchini, nilisikia kwa wenzangu kwamba itapanda zaidi, nikanunua mifuko sita kwa bei ya juu kuliko nilivyowahi kununua. Serikali ikatangaza bei kikomo, sukari ya kutoka nje ikaanza kuingia, na mifuko miwili ya mwisho niliiuza chini ya bei niliyonunulia. Tangu hapo nanunua kiasi kinachotosha siku kumi, isipokuwa kabla ya Ramadhani, ambapo ongezeko la sukari, unga wa ngano na maharage linajulikana na halihitaji kubahatisha.

Mikopo ya wateja haiepukiki mtaani, na tangazo la "mkopo kesho" ukutani halijawahi kumzuia jirani ambaye mtoto wake analia njaa. Kinachowezekana ni kuweka ukomo: kiasi kimoja kwa kila nyumba, kilichoandikwa mbele ya mkopaji, na deni jipya lisiandikwe kabla la zamani halijalipwa. Jumla ya madeni yote isizidi faida ya mwezi mmoja, kwani ikizidi hapo unakuwa unakopesha mtaji. Kanuni hiyo iihusu na familia yako. Sabuni inayochukuliwa rafuni kwenda nyumbani iandikwe kwa bei ya kununulia na ilipwe kutoka kwenye fedha unayojilipa, na malipo ya simu yapokelewe kwenye Lipa Namba ya duka, si kwenye namba yako binafsi ambako huchanganyika na nauli na michango ya harusi.

Kila mfuko uwe na ukurasa wake kwenye daftari. Siku ya kuufungua andika tarehe, uzito halisi na gharama yote mpaka ulipofika dukani. Kila jioni andika robo na nusu zilizouzwa. Siku ya kuukung'uta jumlisha na ulinganishe na robo ulizotarajia. Upungufu wa robo moja au mbili ni wa kawaida. Ukifika tano, rudi kwenye mizani, kwenye panya, kwenye mkono wa anayepima, kwa mpangilio huo, kabla hujamtuhumu mtu. Na mfuko mtupu usitupwe wala kugawiwa ovyo, kwa sababu wauza mkaa na wauza nafaka huununua. Bei yake nayo iandikwe mstari wa mwisho wa ukurasa huohuo.