Friji haipozi, au inagandisha kila kitu? Pima sensa kwanza

Friji ikisumbua, neno la kwanza huwa ni "gesi imekwisha". Niliwahi kumbadilishia mteja bodi nzima, yaani sakiti inayoiongoza friji, na baada ya wiki moja friji ikarudi na ugonjwa uleule. Mbovu ilikuwa sensa ya joto, kipande kidogo cha plastiki chenye nyaya mbili. Mteja alilipia bodi asiyoihitaji, na jambo hilo bado linaniuma. Tangu hapo sigusi gesi wala bodi kabla ya kupima sensa. Kipimo chenyewe kinataka multimita (mita ya fundi umeme) na kikombe cha barafu tu.

Somo hili ni la friji zenye bodi ya kielektroniki. Zile za zamani, zenye thermostati ya kijibomba chembamba, hazimo.

Shika jambo moja kabla ya kuanza: ukinzani wa sensa hizi (yaani jinsi zinavyozuia umeme, hupimwa kwa omu) hupanda baridi inapozidi, na hushuka joto linapozidi. Kwa hiyo sensa ikisoma ukinzani wa juu kuliko haki yake, kwa mfano kwa sababu ya kutu kwenye kiunganishi, bodi inaamini ndani kuna baridi ya kutosha. Inazima kompresa na chakula kinaharibika. Ukinzani ukishuka, labda unyevu umepenya na kupitisha umeme kati ya zile nyaya mbili, bodi inaamini kuna joto. Kompresa haipumziki, mboga zinaganda.

Hatua ya 1. Weka glasi ya maji yenye kipimajoto rafu ya katikati, uiache usiku kucha. Sehemu ya chakula inatakiwa iwe karibu nyuzi 4, friza karibu -18. Angalia pia mpira wa mlango na feni ya ndani.

Hatua ya 2. Chomoa plagi ukutani. Kama ni friji ya inveta (ile ambayo kompresa yake hubadili kasi), subiri dakika 10 kabla ya kufungua sehemu ya bodi, maana kapasita zake, vipande vinavyohifadhi umeme, zinaweza kubaki na volti zaidi ya 300.

Hatua ya 3. Tafuta sensa. Mara nyingi iko nyuma ya kifuniko chenye matundu, na nyingine imebanwa kwenye koili ya kupozea. Usichokonoe hapo kwa kisu. Friji nyingi za sasa zina gesi ya R600a, nayo inashika moto.

Hatua ya 4. Chomoa kiunganishi cha sensa. Ukipima ikiwa bado imeunganishwa na bodi, mita itasoma pia rizista za bodi (vipande vyenye ukinzani usiobadilika), na utahukumu kwa namba ya uongo.

Hatua ya 5 ndiyo moyo wa kazi. Jaza kikombe barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo ya kuziba nafasi, koroga. Hapo una nyuzi 0 za uhakika. Zamisha kichwa cha sensa, kiunganishi kibaki kikavu, subiri dakika 5, kisha pima. Sensa ya kilo-omu 5 kwenye nyuzi 25 itasoma karibu 16. Ya kilo-omu 10 itasoma karibu 32. Weka mita kwenye 200K, yaani kipimo cha hadi kilo-omu 200. Ukiiacha kwenye 20K, hiyo ya pili itaonekana imekatika wakati ni nzima. Nimeona sensa nzuri zikitupwa kwa kosa hili.

Karibu na nyuzi 0, ukinzani hubadilika kama asilimia 5 kwa kila nyuzi moja. Kwa hiyo ikipotoka asilimia 10, bodi inakosea nyuzi 2. Mimi hapo nabadilisha.

Hatua ya 6. Itoe, ishike mkononi. Namba ishuke taratibu bila kuruka. Tikisa nyaya, ikirukaruka, waya umekatika ndani.

MASWALI YA WANACHAMA

Fundi, sina karatasi ya kiwanda. Nitajuaje namba sahihi?
Pima kwenye nyuzi 25, halafu kwenye barafu, kisha gawanya namba ya barafu kwa ile ya kwanza. Kwa sensa nyingi jibu ni kama 3 na kidogo. Kama friji ina sensa mbili za aina moja, zitie kikombe kimoja. Zikitofautiana sana, mojawapo ni mbovu.

Mkuu, naweza kuweka rizista ya kawaida mahali pa sensa?
Kwa dakika chache za kujaribu bodi, sawa. Usiiache. Rizista haibadiliki joto likibadilika, hivyo kompresa ama haitawaka ama haitazimika.

Sensa zote zimesoma vizuri, friza inagandisha lakini chini kuna joto.
Fungua kifuniko cha koili. Ikiwa imefunikwa na barafu nene, hewa haipiti; kagua hita ya kuyeyushia barafu na feni.

Nimepata sensa mpya, nyaya nizikaze kwa tepu?
Hapana ndugu yangu, tepu itaingiza unyevu na utarudi palepale. Zichomee kwa risasi ya kulehemu nyaya, tena kwenye benchi ikiwa kiunganishi kinachomoka, kisha funika kila waya kwa mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani. Rudia kipimo cha barafu kabla ya kufunga kifuniko.