Jinsi ya kuchagua ruta ya Wi-Fi kwa mtandao wa taa za jukwaa

Ukizunguka maduka ya Mwanga au ya mjini Kigoma, ruta zote zinasifiwa kwa kasi. Boksi hili limeandikwa 300, lile 1200, na muuzaji anakuhakikishia kwamba namba kubwa ndiyo bora. Sisi mafundi taa namba hiyo haitusaidii sana. DMX ni lugha ya kuamuru taa, na yunivasi moja, yaani kundi moja la amri zake, ina chaneli 512. Ukiipitisha kwenye mtandao kwa Art-Net, yaani utaratibu wa kubeba DMX kwenye mtandao, mara 44 kila sekunde, inatumia takriban kilobiti 200 kwa sekunde. Yunivasi nne hazifiki hata megabiti moja. Kinachoharibu shughuli ni amri kuchelewa au kupotea njiani: MC ametangaza maharusi wanaingia, umebonyeza, ukumbi umebaki vilevile, na taa zinakuja kubadilika wakati wameshafika katikati. Kwa hiyo tunatafuta ruta isiyoyumba, na mambo mengi ya kuifanya isiyumbe yako mikononi mwetu.

Hatua ya 1: Amua Wi-Fi itabeba nini

Hili liamue kabla hujatoa hela. Ushauri wangu ni huu: data ya taa ipite kwenye waya, Wi-Fi ibebe simu au kishikwambi unachoongozea. Toka kwenye konsoli (meza ya kuongozea taa) au laptopu kwa waya hadi kwenye ruta, kisha kwa waya hadi kwenye nodi, kifaa kinachogeuza Art-Net kuwa DMX. Waya wa Cat5e unafika mita 100, na kumbi zetu nyingi hazifiki huko.

Sababu iko kwenye jinsi Wi-Fi inavyofanya kazi. Pakiti (kifurushi kidogo cha data) inayotumwa kwa kifaa kimoja hujibiwa kwamba imefika, na isipojibiwa hurudiwa. Pakiti inayotangazwa kwa vifaa vyote kwa pamoja haijibiwi wala hairudiwi, tena hutumwa kwa kasi ya chini. Programu nyingi hurusha Art-Net kwa namna hiyo ya kutangaza, na sACN, utaratibu mwingine wa kubeba DMX, kwa kawaida hutumwa kwa kundi, ambako tatizo ni lilelile. Taa zikianza kuruka ruka ovyo kwenye Wi-Fi, hapo ndipo pa kuanza kuangalia.

Kama waya hauwezekani kabisa, kwa mfano mkutano wa injili Uwanja wa Lake Tanganyika na mnara wa taa uko ng'ambo ya watu, ingia kwenye programu na uandike anwani ya nodi yenyewe ili data itumwe kwake peke yake. Hali itakuwa nafuu zaidi, ila bado sitaipendelea kuliko waya.

Hatua ya 2: Kagua ruta dukani, ikiwa imewashwa

Omba iwashwe, unganisha simu yako, fungua ukurasa wa mipangilio. Muuzaji mwenye nia njema hatakatalia. Sisi tuliopo huku mwisho wa reli ya kati tunapaswa kuwa wakali hapa, maana ruta iliyoagizwa Dar es Salaam ikikutwa na kasoro, kuirudisha ni gharama nyingine na harusi haisubiri.

Kwenye ukurasa huo tafuta vitu hivi: uwezo wa kuchagua chaneli ya Wi-Fi (njia ya mawimbi, si zile chaneli za DMX) mwenyewe, uwezo wa kufunga upana wa chaneli kwenye megahezi 20, uwezo wa kukipa kila kifaa anwani ya kudumu, na sehemu ya kuhifadhi mipangilio yote kwenye faili. Ruta isiyo na hivi vinne iache, hata iwe na antena sita. Nyuma iwe na matundu yasiyopungua manne ya waya, na iwe na masafa yote mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5.

Angalia pia kibandiko cha umeme. Ruta ya volti 12 itakurahisishia sana Hatua ya 6.

Kuna aina mbili ninazowakataza vijana ninaofanya nao kazi. Ya kwanza ni ile ndogo ya mfukoni ya laini ya simu: nyingi hazina tundu la waya, na hujizima zikiona hakuna anayetumia. Ya pili ni ruta iliyokuja na huduma ya intaneti ya nyumbani, kwa sababu mara nyingi mtoa huduma amefunga sehemu ya mipangilio yake.

Hatua ya 3: Ipangie anwani

Mtandao wa taa usiunganishwe na intaneti. Usiwape wageni nenosiri, hata mwenye ukumbi akiomba kwa upole. Chagua WPA2 (ulinzi wa nenosiri) na uzime WPS (njia ya kujiunga bila kuandika nenosiri). Kipengele kinachotenganisha watumiaji wa Wi-Fi wasionane nacho kizime, la sivyo kishikwambi kinaweza kushindwa kuiona konsoli hata kama vyote vimeunganishwa.

Mfano wa anwani unaofanya kazi vizuri: ruta 192.168.1.1, konsoli 192.168.1.10, nodi 192.168.1.21 na 192.168.1.22, kishikwambi 192.168.1.50. Anwani za kugawa zenyewe zianzie 100 ili zisigongane na hizo. Nodi nyingi za Art-Net hutoka kiwandani zikiwa na anwani zinazoanza na 2 au 10. Zibadilishe zifuate familia moja na nyingine zote. Andika kila anwani kwenye karatasi ya gundi na uibandike kwenye kifaa chenyewe.

Kisha nenda kwenye simu. Simu ikiona Wi-Fi haina intaneti, nyingi hujihamishia kwenye data ya laini bila kukuuliza. Weka simu kwenye hali ya ndegeni, halafu washa Wi-Fi peke yake. Hapo hata kupigiwa katikati ya onyesho hutapigiwa.

Hatua ya 4: Chagua chaneli

Zima uchaguzi wa moja kwa moja. Ruta inayojichagulia chaneli inaweza kuhama katikati ya shughuli, na wakati wa kuhama kishikwambi chako hakiongozi taa.

Kwenye gigahezi 2.4 tumia 1, 6 au 11, kwa kuwa hizo tatu haziingiliani. Pima kwa programu ya simu inayoonyesha mitandao ya jirani, kisha chukua yenye msongamano mdogo. Kwenye gigahezi 5 baki kati ya 36 na 48. Chaneli kuanzia 52 hadi 144 hutumika pamoja na rada, na ruta inalazimika kuondoka ikihisi rada ipo. Ukiwa ukumbini na uko karibu na jukwaa, gigahezi 5 ndiyo chaguo langu la kwanza, kwani simu za wageni na vifaa vya bluetooth vimejazana kwenye 2.4. Uwanjani, kwa umbali mrefu, 2.4 inafika mbali zaidi. Majina ya mitandao hiyo miwili yatofautishe ili ujue uko wapi.

Hatua ya 5: Ipandishe juu

Mwili wa binadamu una maji mengi, na maji hunyonya mawimbi haya. Ruta iliyowekwa mezani ilifanya kazi vizuri saa nane mchana ukumbi ukiwa mtupu; saa mbili usiku watu mia nne wamesimama kucheza, mawimbi hayapiti. Ifunge kwenye stendi, juu ya vichwa, mahali unapoiona kwa macho ukiwa umesimama na kishikwambi. Usiifungie ndani ya boksi la chuma wala nyuma ya trasi (fremu ya chuma ya kutundikia taa).

Hatua ya 6: Umeme wake uwe wa peke yake

Umeme ukikatika na jenereta ikawashwa, taa hurudi mara moja, lakini ruta huchukua dakika moja au mbili kuamka. Nunua UPS (betri ya akiba) ndogo ya ruta inayotoa volti 12 zilizotulia. Usiiunganishe moja kwa moja na betri ya gari au ya sola, kwa kuwa betri inayochajiwa hupanda hadi karibu volti 14 na ruta nyingine hazivumilii. Kwenye nodi, chagua ishikilie amri ya mwisho data inapokosekana, ili jukwaa lisibaki gizani.

Hatua ya 7: Jaribu watu wakiwepo

Tuma pingi (ujumbe mfupi wa kupima kama kifaa kinajibu) kutoka laptopu iliyo kwenye Wi-Fi kwenda kwenye nodi, moja kila sekunde, kwa saa nzima wakati wageni wanaingia. Majibu yakiwa chini ya milisekunde 10 na hakuna inayopotea, endelea. Yakianza kupanda hadi mia moja na zaidi, badilisha chaneli au inua stendi kabla MC hajashika kipaza sauti.

Ukimaliza, hifadhi faili la mipangilio na uliingize kwenye ruta ya pili ya modeli ileile. Ukiweza kununua mbili kwa pamoja, nunua mbili. Jina na nenosiri vitakuwa vilevile, hivyo ya kwanza ikifa utahamisha nyaya tu na kishikwambi kitajiunga chenyewe.