Kupiga picha kituo cha anga kikikatiza mbele ya Mwezi

Mei 2011, mwanaanga Mwitalia Paolo Nespoli akirudi duniani ndani ya chombo cha Kirusi Soyuz TMA-20 alikipiga picha Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kutoka mita 200 hivi, chombo cha Endeavour kikiwa kimetia nanga hapo. Sisi tuliobaki chini tunatazama kutoka kilomita 400 na ushei. Hata hivyo umbo lake, pamoja na yale mabawa ya paneli za jua, linanasika ukikivizia kinapopita mbele ya Mwezi. Mimi nafanya hivi.

Hatua ya 1: Tafuta pa kusimama

Kazi kubwa iko hapa, si kwenye kamera. Mkatizo huonekana ndani ya ukanda wa kilomita chache tu. Tumia programu inayokokotoa mikatizo, kisha usogee hadi mstari wa katikati. Ukikaa kilomita mbili pembeni, kituo kitagusa ukingo wa Mwezi na kutoweka. Chagua siku ambayo Mwezi uko juu. Ukiwa karibu na upeo wa macho, kituo huwa mbali zaidi ya kilomita 1,000 na huonekana kama kidoa.

Rudia hesabu siku hiyohiyo. Injini hukisukuma kituo juu mara kwa mara kufidia msuguano wa hewa nyembamba, na mstari huhama. Niliwahi kuamini hesabu za siku nne nyuma, nikarudi na picha 60 za Mwezi mtupu. Iliniuma sana.

Hatua ya 2: Lenzi na kasi ya shata

Lenzi ya milimita 600 inatosha, juu ya tripodi imara. Kituo kina urefu wa mita 109, na kikiwa utosini ni kama sehemu moja ya thelathini ya upana wa Mwezi.

Kinakwenda kilomita 7.6 kwa sekunde. Ukipiga kwa 1/250 ya sekunde, kinasogea mita 30 shata (pazia la kamera linaloruhusu mwanga) ikiwa wazi, na mabawa yote yanakuwa ukungu. Kwa 1/2000 kinasogea chini ya mita 4. Mwezi ukiwa mpevu, anza na f/6.3 (upana wa tundu la lenzi) na ISO 800 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga). Ukiwa nusu, pandisha ISO.

Hatua ya 3: Fokasi

Zima fokasi ya kiotomatiki. Lenga kreta (mashimo ya Mwezi) zilizo kwenye mpaka wa mwanga na giza, kwani vivuli vyake ni vikali. Rudia dakika tano kabla, maana lenzi hupoa.

Hatua ya 4: Nusu sekunde

Ndiyo muda wote ulio nao. Ukingoja ukione ndipo ubonyeze, umechelewa. Sawazisha saa kwa intaneti, tumia rimoti, anza picha za mfululizo sekunde tatu kabla. Jaribu mapema, kumbukumbu ya kamera isije ikajaa katikati.

(Ukikivizia kikipita mbele ya Jua badala ya Mwezi, chujio maalumu lifunike mbele ya lenzi muda wote. Bila hilo, usijaribu kabisa.)

Hatua ya 5: Kuunganisha

Kwenye programu ya kuhariri picha, pandanisha fremu (picha za mfululizo) kwa kufuata kreta. Kituo kikimulikwa na Jua huwa cheupe, basi chagua mtindo wa kuunganisha unaobakiza sehemu angavu. Kikiwa ndani ya kivuli cha Dunia huwa cheusi, chagua unaobakiza sehemu za giza.