Msuli upi unakunja kiwiko, upi unanyoosha? Jishike ujue

Msuli hauwezi kusukuma mfupa, unavuta tu. Ndiyo maana kiwiko kina misuli pande zote mbili: baisepsi mbele hukikunja, traisepsi nyuma hukinyoosha. Kwa kawaida mmoja ukikaza, mwingine hulegea kuupisha.

Usikariri. Kaa mezani, weka kiganja chini ya ubao wa meza kikiangalia juu, kisha sukuma kama unayetaka kuinyanyua. Kwa mkono wa pili bonyeza mbele, kati ya bega na kiwiko: pamekuwa pagumu. Sasa weka kiganja juu ya meza, ugandamize chini. Ugumu umehamia nyuma.

Kuna swali moja linalowakosesha wanafunzi wengi. Ukishusha ndoo ya maji polepole, kiwiko kinanyooka, kwa hiyo utadhani ni kazi ya traisepsi. Sivyo. Uzito wa ndoo ndio unaonyoosha mkono. Baisepsi inauzuia, inarefuka huku bado imekaza, ili ndoo isianguke kwa kishindo. Shika mbele ya mkono wakati unashusha, utaisikia. Nanyi mnaoinua vyuma, msiuachie uzito udondoke tu. Kushusha taratibu nako ni zoezi, na ni zoezi zuri sana kwa baisepsi.

Kukaza pamoja pia kunawezekana: kunja ngumi, kaza mkono wote bila kuusogeza, kisha papasa mbele na nyuma.