Mazoezi ya nguvu nyumbani unaposubiri upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula: anzia barazani

Wengi wanaosubiri upasuaji huu huniuliza wapunguze kilo ngapi kabla ya siku yenyewe. Mimi mtaalamu wa fiziotherapia hapa Tanga huwauliza kwanza: ukikaa, unaweza kusimama bila kushika kitu? Uzito ukianza kuporomoka baada ya upasuaji, misuli nayo huondoka pamoja na mafuta. Kwa hiyo unayoijenga sasa ni akiba. Tena ukishazinduka kwenye nusu kaputi, tumbo likiwa na vidonda, mapaja ndiyo yatakayokuinua kitandani.

Mwonyeshe daktari wako mazoezi haya kabla ya kuanza. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari apime sukari kwanza, maana mazoezi huishusha. Kifua kikiuma au ukipata kizunguzungu, acha hapo hapo, nenda hospitali.

Hatua ya 1: Kukaa na kusimama
Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Kama nyumba yenu ina baraza ya saruji, kama zilivyo nyingi za Ngamiani, hicho ndicho kifaa bora: haitelezi wala haivunjiki. Kiti cha plastiki kiache, miguu yake hutanuka juu ya vigae. Baraza ikiwa fupi, weka mto mgumu.

Kaa ukingoni, vuta visigino nyuma kidogo ya magoti. Inama mbele mpaka pua iwe juu ya vidole vya miguu, kisha sukuma sakafu kwa visigino huku ukitoa pumzi. Ukiibana, presha hupanda. Kushuka, hesabu hadi 3. Usijibwage, kwani kushuka polepole ndiko kunakojenga paja. Fanya mara 5, pumzika dakika 2, rudia hadi zitimie seti 3. Goti likiuma, ongeza mto. Ukizoea, weka mto mwembamba zaidi. Siku 3 kwa wiki zinatosha, ukipumzika siku moja katikati.

Hatua ya 2: Kusukuma ukuta
Viganja usawa wa kifua, mwili umenyooka, mara 8, seti 2.

Hatua ya 3: Kuvuta dumu
Dumu la lita 5 likijaa maji lina kilo 5 hivi. Anza na nusu. Mkono mmoja ushike meza, mwingine uvute dumu hadi kiunoni, mara 8 kila upande. Chora mstari pale maji yalipofika. Kila wiki ongeza kikombe kimoja. Napenda sana kumwona mtu akinionyesha mistari yake.

Hatua ya 4: Kuinua visigino
Shika nondo za dirisha, panda kwa vidole vya miguu, shuka, mara 10. Vigimbi husukuma damu kurudi juu, na baada ya upasuaji tunahofia damu kuganda miguuni.

Msimu wa kaskazi joto letu ni kali: fanya baada ya sala ya alfajiri, maji yakiwa karibu. Kula changu, dagaa, mayai au maharage, kwa kadiri ulivyopangiwa. Wiki za mwisho kabla ya upasuaji hospitali nyingi hupunguza chakula sana ili ini lipungue ukubwa, daktari aufikie mfuko wa chakula kwa urahisi. Hapo nguvu zitapungua, basi punguza seti, na dumu usiliongeze maji.

Baada ya upasuaji, dumu lisiguswe mpaka daktari aruhusu, mara nyingi wiki 4 hadi 6. Barazani, kwa ruhusa yake, unaweza kurudi mapema zaidi.